Redio ya bibi ikinyamaza, usianze kwa kutafuta mchawi

Iringa. Kwa siku sita nyumba yetu ya Kihesa ilikaa bila sauti ya redio ya bibi, na sisi wengine hatukuona kama ni jambo kubwa. Simu zetu zilifanya kazi, televisheni ilionyesha katuni za watoto, na kila mtu aliendelea na yake. Mama mkwe wangu peke yake ndiye aliyeamka alfajiri kwenye baridi hii ya Juni, akabonyeza kitufe, akasubiri, kisha akajifunika tena blanketi.

Siku ya saba alipigiwa simu kutoka kwao Makete. Mwenzake wa kwaya, aliyeimba naye tangu wakiwa wasichana, alikuwa amefariki na kuzikwa siku tatu kabla. Tangazo la msiba lilisomwa redioni asubuhi na jioni. Kule nyumbani wanajua kuwa bibi hakosi kusikiliza matangazo ya vifo, hivyo hakuna aliyefikiria kumpigia. Walimsubiri, hakutokea.

Bibi hakutulaumu. Alisema tu, "Basi, nitakwenda kuona kaburi." Maneno hayo yalinikaa kuliko ambavyo lawama ingenikaa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa siku hizo sita nilikuwa nimeshampata mkosaji. Kijana wetu wa kidato cha pili yuko nyumbani kwa likizo, na ndiye mwenye tabia ya kufungua kila kitu kinachotumia umeme. Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyeichezea redio ya bibi yako." Akajibu, "Mama, mimi sijaigusa." Sikumwamini, nikamnyima simu wiki nzima.

Mkosaji nilikuwa mimi, na nitaeleza. Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe, kwa sababu nyumba nyingi sasa zinacho. Kinatumwa na ndugu walio nje, au kinanunuliwa kwa ajili ya mzee ambaye macho yake hayawezi tena kuhangaika na simu.

Redio hii inafanyaje kazi?

Redio ya intaneti kwa nje ni kama redio nyingine. Ina spika, kitufe cha sauti na kioo kidogo cha maandishi. Tofauti ni njia inayopita sauti. Redio ya FM hupokea mawimbi kutoka kwenye mnara, na mawimbi hayo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo mlima ukikaa katikati yanakwama. Ndiyo maana hapa mjini tunapata Ebony FM na Nuru FM bila taabu, lakini kituo kidogo kilicho katikati ya milima ya Makete hakitufikii.

Redio ya intaneti haiuhitaji mnara huo. Inachukua matangazo kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Kwake kituo cha Makete, cha Mombasa na cha London ni sawa, mradi kituo chenyewe kinarusha matangazo mtandaoni.

Kwa hiyo kati ya mtangazaji na sikio la bibi kuna mnyororo wenye pete tano: umeme, redio yenyewe, Wi-Fi ya ndani, intaneti inayoingia nyumbani, na kituo kinachotangaza. Pete moja ikikatika, redio inanyamaza. Kazi ya mzazi ni kujua ni pete ipi kabla ya kumwita fundi, kununua kifaa kipya au kumgombeza mtu.

Hatua ya kwanza: Soma kioo

Kabla ya kugusa chochote, soma kilichoandikwa kwenye kioo cha redio na ukipige picha kwa simu. Ujumbe ule ndio unaokuonyesha pa kuanzia.

Kioo kikiwa cheusi kabisa, anza na umeme. Jaribu soketi nyingine. Angalia pia kama adapta iliyochomekwa ni ya redio hiyo, si ya rauta au ya king'amuzi. Matundu hufanana lakini volti hutofautiana. Soma namba iliyoandikwa kwenye adapta na ile iliyo nyuma ya redio. Zisipolingana, usichomeke, unaweza kukiunguza kifaa.

Redio ikisema haioni jina la Wi-Fi yako, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa umbali au aina ya mawimbi ya rauta. Ikiliona jina lakini ikakataliwa kuingia, fikiria neno la siri au mpangilio wa usalama wa rauta. Ikisema imeunganishwa lakini hakuna kituo hata kimoja kinachofunguka, angalia intaneti yenyewe au bando. Na ikiwa kituo kimoja tu ndicho kimya huku vingine vinaongea, nyumba yako haina tatizo. Subiri, kituo kitarudi.

Hatua ya pili: Pima intaneti kwa simu, data ikiwa imezimwa

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Tunachukua simu, tunafungua WhatsApp, ujumbe unaingia, tunasema, "Intaneti ipo, redio ndiyo mbovu." Lakini simu ina njia mbili. Wi-Fi ikiishiwa, simu nyingi huhamia kwenye data ya laini kimyakimya, nawe hujui.

Zima data ya simu, acha Wi-Fi peke yake, kisha fungua ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo. Usipofunguka, redio haina kosa. Angalia salio la bando la laini iliyo ndani ya rauta, au wasiliana na kampuni inayokuletea huduma. Vifurushi vina tarehe na saa ya kuisha, na kikiisha saa sita usiku bibi atakigundua alfajiri kabla yenu nyote.

Hatua ya tatu: Zima na uwashe kwa mpangilio

Ushauri wa "zima, washa" una sababu zake. Rauta humpa kila mgeni anayeingia kwenye Wi-Fi namba yake ya utambulisho. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, redio huwaka haraka kuliko rauta. Inaomba namba wakati mgawaji bado hajaamka, inaikosa, na baadhi ya redio hazirudii kuomba tena.

Basi zima vyote viwili. Washa rauta kwanza, subiri dakika tatu hivi hadi taa zake zitulie, ndipo uwashe redio. Ukitaka kuhakikisha, ingia kwenye mipangilio ya redio utafute sehemu ya taarifa za mtandao. Namba ikianza na 169.254, maana yake redio haikupewa namba na rauta, imejipa yenyewe. Ikianza na 192.168, mara nyingi sehemu hiyo iko salama.

Hatua ya nne: Iunganishe na hotspoti ya simu

Hili ndilo jaribio lililomwokoa kijana wangu. Jioni ile ya habari za msiba alimwomba baba yake simu, akawasha hotspoti, akaiunganisha redio ya bibi na simu hiyo badala ya rauta. Hazikupita dakika mbili, kituo cha Makete kikaanza kuongea sebuleni. Sote tulinyamaza.

Jaribio hilo linakata shauri. Redio ikiimba kwa hotspoti, redio ni nzima, na tatizo liko kwenye rauta au kwenye intaneti inayoingia kupitia rauta. Ikigoma hata kwa hotspoti ambayo simu nyingine imeunganishwa nayo na inapata intaneti, basi tatizo linaweza kuwa kwenye redio yenyewe, na fundi ana kazi.

Kuna jambo moja la kuangalia. Redio nyingi hupokea Wi-Fi ya mawimbi ya 2.4 GHz tu, wakati simu za sasa zinaweza kurusha hotspoti ya 5 GHz. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uchague 2.4 GHz. Kwenye iPhone za karibuni, washa kitufe cha kuongeza ulinganifu na vifaa vingine. Na usisahau kuizima hotspoti mkimaliza, isije ikamaliza bando la baba.

Hatua ya tano: Neno la siri, herufi kwa herufi

Kuandika neno la siri kwenye redio kwa kuzungusha kitufe ni kazi ya subira. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Sifuri na herufi O hufanana, na namba 1 hufanana na l ndogo. Nafasi tupu iliyoingia mwishoni haionekani, lakini inaharibu neno zima.

Mpe kazi hii mtoto mwenye macho makali, wewe msomee herufi moja moja. Na kama uliwahi kubadilisha neno la siri kwa sababu majirani wameanza kuingia, kumbuka kuwa simu zote uliziandikia neno jipya, ila redio hakuna aliyeikumbuka.

Hatua ya sita: Mipangilio ya rauta

Sasa nafika kwenye kosa langu. Muda mfupi tu kabla redio haijanyamaza, nilinunua rauta mpya kwa kuwa ya zamani ilikuwa ikizimika. Kwa kujiona mjanja, niliipa jina lilelile na neno la siri lilelile. Simu zikaingia zenyewe, na televisheni ikaingia. Nikajua nimemaliza kazi. Bibi aliposema redio haisemi, haikunijia kabisa kwamba rauta inaweza kuhusika, kwani kila kitu kingine kilikuwa kinafanya kazi.

Kumbe rauta hiyo ilikuja imepangwa kutumia usalama wa aina ya WPA3 peke yake. Ni aina mpya na nzuri, lakini redio ya bibi ni ya zamani, inaelewa WPA2 tu. Ilikuwa kama mlango uliobadilishwa kufuli huku mwenye nyumba ana ufunguo wa zamani. Tuliingia kwenye ukurasa wa rauta, tukachagua kipengele kinachokubali WPA2 na WPA3 kwa pamoja, na redio ikaingia mara moja.

Ukurasa huo hufunguliwa kwa kuandika kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na Wi-Fi namba iliyo kwenye kibandiko cha rauta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiwa humo, hakikisha pia mawimbi ya 2.4 GHz hayajazimwa. Rauta zenye mawimbi mawili zikitumia jina moja kwa yote, baadhi ya redio huchanganyikiwa, hivyo yape mawimbi ya 2.4 GHz jina lake, ukimalizia kwa neno kama "redio". Usiondoe neno la siri kabisa ili redio iingie kwa urahisi. Wi-Fi iliyo wazi ni mlango usio na komeo.

Hatua ya saba: Mahali redio ilipo

Ikiwa redio inaingia lakini sauti inakatika kila baada ya muda mfupi, tazama nyumba. Nyumba zetu nyingi hapa Iringa ni za tofali za kuchoma, na kila ukuta unapunguza nguvu ya Wi-Fi. Vyuma ni vibaya zaidi: bati, jokofu, kabati la chuma na hata mgongo wa televisheni. Chumba cha uani chenye ukuta wa bati kinaweza kukosa kabisa.

Ipeleke redio hatua chache kutoka kwenye rauta na uisikilize kwa nusu saa. Ikitulia, tatizo ni umbali. Iinue rauta juu ya kabati la mbao katikati ya nyumba, isikae sakafuni nyuma ya televisheni. Tanuri la maikrowevu nalo likiwashwa huvuruga mawimbi ya 2.4 GHz, kwa hiyo ukatikaji wa wakati wa kupasha chakula si wa kushangaza.

Angalia pia idadi ya wageni. Vifaa vingi vidogo vya Wi-Fi vya mfukoni hukubali vifaa 10 hivi kwa wakati mmoja. Watoto wakirudi shule na simu zao, na binamu wakija likizo, redio ya bibi inaweza kubaki nje ya mlango.

Wi-Fi ya vocha haitakubali

Wapo wanaotumia Wi-Fi ya mtaani, ile ya kununua vocha, kisha ukurasa unafunguka unaoomba namba. Redio nyingi hazina kivinjari cha kufungua ukurasa huo. Itaonyesha imeunganishwa, lakini haitasema neno. Usimsumbue mzee na huduma hiyo. Mpe hotspoti ya simu au rauta ndogo yenye laini yake.

Wakati mwingine kosa haliko kwako

Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo ungeweza kufungua rauta hadi skrubu ya mwisho na usipate kitu. Kabla ya kuhangaika, muulize jirani anayetumia kampuni nyingine kama kwake kuko sawa.

Lipo na hili kwa wanaonunua redio zilizotumika. Redio ya intaneti haijui vituo vyote yenyewe. Hupata orodha kutoka kwenye huduma fulani mtandaoni. Mwaka 2021 huduma moja iliyoitwa Reciva, iliyotegemewa na redio za chapa mbalimbali, ilifungwa. Redio zilizokuwa nzima, zenye Wi-Fi nzima, zikakosa orodha ya vituo. Kwa hiyo ukinunua mtumba, usiridhike na taa kuwaka. Mwambie muuzaji aiunganishe na hotspoti na afungue kituo unachokitaka, ukisikie kwa masikio yako.

Hesabu ya bando

Wazazi huniuliza kama redio hii "inakula" sana. Piga hesabu. Kituo kinachorusha sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde hutumia karibu MB 58 kwa saa. Bibi akisikiliza saa 10 kwa siku, ni karibu MB 580, na kwa mwezi ni zaidi ya GB 17. Kituo cha kilobiti 64 hutumia nusu ya hapo.

Kwa hiyo redio inayoachwa ikiongea usiku kucha wakati mzee amelala si ya bure. Redio nyingi zina kipima saa cha kuizima yenyewe. Kipange. Lakini pia msimwonee bibi. Mtoto akitazama video ya ubora wa HD kwa saa moja au mbili anaweza kumaliza kile ambacho redio ingetumia siku nzima.

Usifanye haya

Usibonyeze kwa sindano kile kitundu kidogo cha nyuma ya rauta kabla ya kujaribu hatua zote. Kinairudisha rauta ilivyotoka kiwandani, na kama hujui mipangilio ya kampuni yako, nyumba nzima itakosa intaneti badala ya redio moja.

Usibadilishe mambo matatu kwa mkupuo. Badilisha moja, jaribu, ndipo uende la pili. Vinginevyo hata ukifanikiwa hutajua kilichoponya, na wiki ijayo utaanza upya.

Na usimwambie mzee "subiri kesho" kwa siku sita. Kwetu, redio ni burudani. Kwa mzee aliye mbali na kwao, ni mlango wa jirani, ni matangazo ya kanisani, ni habari ya nani amezaa na nani ametangulia. Kama huna muda leo, mwombe mtu wa kwao ampigie kila jioni hadi redio itakapopona.

Baada ya chakula cha usiku ule nilimwita kijana mbele ya bibi yake nikamwomba radhi. Nilimwambia wazi kwamba nilitafuta mchawi kabla ya kutafuta tatizo. Alicheka kidogo, akasema, "Yameisha, Mama." Simu yake nilimrudishia.

Kesho yake aliandika kwenye karatasi jina la Wi-Fi, neno la siri na mpangilio wa kuwasha: rauta kwanza, redio baadaye. Akaibandika nyuma ya redio kwa selotepu. Kwenye daftari la nyumbani tukaongeza mstari mmoja: yeyote atakayebadilisha rauta au neno la siri, aiwashe redio ya bibi mbele yake kabla ya kusema amemaliza.

Jumamosi iliyofuata baba yao alimpeleka mama yake Makete. Kabla ya kupanda gari, bibi alimkabidhi mjukuu redio na kumwambia aisikilize asubuhi kwa niaba yake, ili akirudi amweleze kilichotangazwa.